Nakshi za Wenyewe

Siku Ghalib aliporudi kutoka Uarabuni, wanawake wa Bofu walisimama nyuma ya mapazia yao kuona ameshuka na nani. Ndiyo iliyokuwa habari ya miaka ile pande za Likoni: mwanamume aenda Jidda au Maskati kutafuta maisha, arudi na redio mkono huu na mke wa pili mkono huu. Ghalib alitoa kwenye teksi kitu kilichofungwa blanketi, akakikumbatia kwa mikono miwili kama mgonjwa, akaingia nacho ndani bila kumsalimu mtu. Ikawa basi. Kufika alasiri mtaa mzima ulishajua kwamba Bi Zubeda ameletewa mke mwenza, na walio wepesi wa huruma walishaanza kumhurumia.

Mke mwenza mwenyewe alikuwa kompyuta. Si hizi za kukunjwa mnazozijua leo. Ilikuwa kibao kimoja kinene chenye vitufe, kila kitufe kina herufi mbili, ya Kiarabu na ya Kizungu. Ukikiunganisha na televisheni kinaamka. Ukitaka kikumbuke ulichofanya, wakiunganisha na redio ya kaseti, na kaseti ndiyo inayokumbuka. Ghalib aliinunua ili watoto wapate elimu. Watoto waliichezea mpaka ikawachosha, wakarudi kwenye mpira wao, na kompyuta ikabaki mezani imefunikwa leso. Ghalib sasa ametangulia mbele ya haki, lakini hata leo ukiuliza Bofu nyumba ya Zubeda wa mke mwenza utapelekwa mpaka mlangoni.

Bi Zubeda hakuiogopa, na sababu ni chuo. Kiingereza hakukijua cha kumfikisha popote, lakini alikuwa amekhitimu Kurani kwa mwalimu wa fimbo nyingi, na herufi za Kiarabu zilipojitokeza kwenye televisheni alizisoma moja moja kama anayesoma juzuu. Maana alimuuliza mumewe. Siku moja akaangukia ukurasa wa kuchorea: televisheni ilijaa miraba midogo midogo, kila mraba waweza kuujaza rangi au kuuacha wazi. Akakaa akiutazama mpaka wali ukaungua jikoni. Miraba ile alikuwa akiihesabu kichwani tangu utotoni.

Kwani Bi Zubeda ni mshonaji wa kofia. Kofia ya mkono, kwa asiyejua, ni vipande viwili vya kitambaa cheupe, mshipi wa pembeni na kile cha utosini, vinavyojazwa vitundu vilivyozungushiwa uzi. Mpangilio wa vile vitundu ndio nakshi. Ukikosea hesabu kitundu kimoja, nakshi ikizunguka kichwa haikutani, na kofia hiyo hata mwanao hatakubali kuivaa. Wanawake walikuwa wakichora kwa penseli na kufuta, kuchora na kufuta, hadi kitambaa kinakuwa cheusi. Sasa Bi Zubeda aliweza kujaza mraba, kuufuta, kuuhamisha, na kitambaa hakijaguswa. Mashoga zake walipoona hivyo, wale wale waliomhurumia, wakaanza kuja mmoja mmoja na kaseti tupu ndani ya buibui.

Hapo lazima nieleze jambo, maana asiyelijua atatuona wendawazimu. Nakshi ina mwenyewe. Mwanamke huitunga, huipa jina, huishonea watu wake, akampa binti yake siku anapoolewa. Kuiba nakshi ya mtu ni kuiba. Mwanamisi, mwanamke wa Kidigo aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwa Bi Zubeda, alikuwa na nakshi yake aliyoiita Miguu ya Kaa. Zamani aliichora kwenye karatasi, na Idd moja wanaume wakitoka kuswali akaiona Miguu ya Kaa inapita barabarani juu ya kichwa cha mtu asiyemjua. Mtu wa nyumba ya jirani alikuwa ameichungulia. Nyumba mbili zile zilikaa miaka bila kuzikana, na Mungu atuepushe, mtu wa pwani akifika pa kutomzika jirani yake basi hapana zaidi.

Ndiyo Mwanamisi akaweka sharti, na wengine wote wakalishika. Karatasi, hakuna. Mwenye nakshi aja na kaseti yake na aondoka nayo. Akitaka kuihamisha nakshi kutoka televisheni hadi kwenye kitambaa, aingia chumbani peke yake, pazia lashushwa, na Bi Zubeda mwenyewe atoka akakae barazani kama mgeni. Simu za picha zilipokuja zikaongezwa kwenye sharti: simu yabaki kwenye bakuli mlangoni.

Watu walimtania Bi Zubeda. Siri ya mtungi si aijua kata? Yeye ndiye aliyewachorea, vipi asizijue?

"Kata hii imetoboka," alikuwa akijibu. "Yapita tu. Sibaki na kitu."

Na kweli hakubaki na kitu. Alijizoeza kusahau kama wengine wanavyojizoeza kukumbuka. Yeye mwenyewe hakuwa hata na nakshi yake. Alishona zile za kawaida ambazo kila mtu anazo, mkono wake ukiwa mwepesi kuliko wote. Neno lile, sibaki na kitu, ndilo lililokuwa mali yake Bofu. Kwa neno lile aliaminiwa kushika mahari za watu, kuosha maiti, kusuluhisha waliogombana. Asingekuwa nalo angekuwa mjane wa kawaida mwenye mashine ya ajabu.

Miaka ikaenda. Zikaja kofia za kiwandani kwa marobota, nzuri kwa macho, na washonaji wakapungua mpaka wakabaki tisa. Hewa yetu ya chumvi ikaingia kwenye kaseti. Bi Zubeda alikuwa akijua hali ya kaseti kwa sikio: nzima ilipiga kelele ya samaki anayekaangwa katika mafuta mengi, na mbovu ilikuwa kama mafuta yameisha. Sasa kila iliyoletwa ilikaukiwa. Ya mmoja iliota ukungu mweupe, ya mwingine ikatafunwa na redio. Mwanamisi alileta ya kwake, akakaa nje hadi Bi Zubeda alipotoka kumwambia imesoma, lakini kwa mara ya nne.

"Ya tano sidhani, dada," akasema.

Mwanamisi aliirudisha kaseti ndani ya buibui. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu vile vile, na kofia hakushona tena tangu kitambo. Miguu ya Kaa haikuwa popote isipokuwa kwenye kaseti ile. Kofia alizowahi kushona zilikuwa zimekwenda na wanunuzi, nyingine zimevuka maji, na ya mumewe ilitolewa sadaka pamoja na nguo zake alipofariki, kama ilivyo desturi. Alichokuwa akingoja ni mjukuu wake, Nusaiba, aliyemlea na kumfundisha sindano, apate mume ampe nakshi yake. Nusaiba alikuwa ameshaposwa.

Basi Bi Zubeda akamwita fundi Gedion. Gedion alikuwa fundi wa televisheni kule Changamwe, mtu mzima mwenye kipara na mzaha, Mgiriama wa kanisani asiyekosa ibada, na ndiye pekee aliyekubali kuvuka maji kuja kutengeneza televisheni ya mgongo mnene ambayo mafundi wengine walimshauri Bi Zubeda aitupe. Alipoiona kompyuta mara ya kwanza alivua viatu. Safari hii alisikiliza shida, akaenda, akakaa kimya wiki kadhaa, kisha akarudi na kijisanduku cha plastiki alichokiagiza kutoka ng'ambo. Akakichomeka ubavuni mwa kompyuta, mahali palipotengenezewa michezo. Halafu akafungua kiganja.

"Shikamoo mama. Na hii ndiyo kaseti yako mpya."

"Marahaba. Iko wapi?"

"Hiyo hapo."

Bi Zubeda alivaa miwani. Ilikuwa memori kadi, ile ndogo ya simu, nyeusi, si kubwa kuliko ukucha wake wa kidole cha mwisho.

"Gedion, wanitania."

"Sikutanii, mama. Kaseti zote za Bofu zaingia humu, na za Mtongwe, na nafasi itabaki."

Lakini kompyuta ile kongwe ina choyo. Kadi kubwa za siku hizi, zenye nafasi ya kutosha dunia nzima, ilizikataa; ilitaka ndogo ya zamani, na Gedion alikuwa ameitafuta mjini mpaka akaipata kwenye droo ya muuza simu aliyekusudia kuitupa. Hivyo njia ikawa hii: nakshi itoke kwenye kaseti, iingie kwenye kompyuta, ishuke kwenye ile kadi kongwe, kisha Gedion aihamishe kwa laptopu yake hadi kwenye kadi mpya ya mwenyewe, aende nayo nyumbani. Walijaribu na nakshi moja ya kawaida. Kwa kaseti mtu aliweza kupika chai, akainywa na akaosha kikombe, nakshi haijafika. Kwa kadi, Bi Zubeda alibonyeza, na nakshi ikawa imeshafika. Hakuna kelele, hakuna samaki. Hakupenda. Alimwambia Gedion kitu kisichotoa sauti hujui kama kinakudanganya, na Gedion akacheka, na baadaye nitawaambia nani alikuwa na haki ya kucheka.

Wanawake tisa walipoitwa na kuelezwa, walikataa. Dama ndiye aliyesema kwanza. Dama ni wa Kaloleni, aliolewa huku, anashona kofia za Waislamu na kuimba kwaya Jumapili, na ulimi wake hauna pazia.

"Zetu zote kwenye kipande kimoja? Aibiwe Zubeda leo, kesho sisi sote tuko sokoni."

"Ni njia tu," akasema Bi Zubeda. "Kila mtu ataondoka na kadi yake. Ile ya kupitishia nitaifuta mbele yenu, mkiona kwa macho yenu. Wallahi sibaki na kitu."

Wakamtazama Mwanamisi, mwenye sharti. Mwanamisi akasema, "Zubeda akiapa, ameapa." Wakakubali.

Kazi ilifanyika kwa taratibu zake zote, pazia chini, simu kwenye bakuli, hata Gedion akafundishwa kuitazama laptopu yake kwa pembeni kama anayepita chooni kwa watu. Ilipokwisha, wote tisa waliingia chumbani, wakasongamana nyuma ya kiti cha Bi Zubeda. Akabonyeza. Televisheni ikaandika kwa Kiarabu kwamba kadi ni tupu, hamna kitu. Akawasomea kwa sauti, waliosoma chuo wakahakikisha. Wakasema alhamdulillahi, Dama akasema amina, wakanywa chai na mahamri. Kadi kongwe ikabaki imechomekwa kwenye kijisanduku chake, na kwa kuwa hapakuwa na nakshi mpya ya kuchora, haikuguswa tena.

Kila mwanamke aliificha kadi yake anavyojua. Mmoja aliishonea ndani ya hirizi. Mwingine aliifunga kwenye pindo la leso, Dama akaitia kwenye mkebe wa sukari. Mwanamisi alikwenda mbali zaidi. Aliuchomoa utepe wote wa kaseti yake, akaukatakata kwa mkasi ili asiuokote mtu, vipande vingine akavifunga juu ya mchicha kutisha kunguru. Kadi akaizungushia kijikaratasi, akaiweka kwenye kikebe chake cha udi, kwa sababu kikebe kile hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuthubutu kukigusa. Udi wa Mwanamisi ulikuwa wa kutoka Maka, na alikuwa akiutumia kwa harusi tu.

Harusi ikafika. Wiki ya nikahi ya Nusaiba, Mwanamisi alitaka kuzifukiza nguo za bibi arusi kwa mkono wake. Chetezo kikawashwa, makaa yakakolea, nguo zikatandazwa juu ya tenga. Alifungua kikebe chake, akapapasa. Kile kijikaratasi kilikuwa kimefunguka chenyewe humo ndani. Kijipande cheusi, chembamba, chepesi, ukubwa wa ukucha: nani, kwa macho yenye ukungu, angekitambua si udi? Akakitia kwenye makaa pamoja na vingine, akasema bismillahi.

Harufu iliyotoka haikuwa ya Maka. Nusaiba alikuja mbio akidhani nyaya za umeme zinaungua. Alipochokora makaa kwa kijiti alikuta kitu kilichoyeyuka na kujikunja, akakijua papo hapo, na akanyamaza. Lakini bibi yake alikuwa ameshakipapasa kikebe mara ya pili, na ya tatu.

Bi Zubeda alimkuta amekaa chini, miguu ameinyoosha, kama mtu aliyefiwa. Hakulia. Alisema neno moja tu.

"Nimeichoma kwa mkono wangu, Zubeda."

Mtu akisema hivyo utamjibu nini? Walijaribu kumkumbusha. Walileta picha ya marehemu mumewe amevaa kofia, lakini picha ilionyesha upande mmoja tu, na huo nao kivuli kimeukata. Mwanamisi alijaribu kuichora kwa kidole hewani, akafika katikati, mkono ukasimama. Bi Zubeda naye alipekua kichwa chake mwenyewe, akakuta alivyokitaka kiwe: kitupu. Hapo ndipo alipoulaani usahaulifu wake aliojisifia miaka yote.

Alimpigia Gedion bila matumaini, kwa kutaka tu mtu wa kumlaumu. Gedion akasikiliza hadi mwisho, akauliza, "Ile kadi kongwe, mama, umeiandikia kitu tangu siku ile?"

"Sijaigusa. Lakini ni tupu. Si tuliifuta?"

"Nakuja," akasema.

Alikuja na laptopu, akaichomeka ile kadi, akaendesha programu yake. Bi Zubeda alikaa pembeni akitazama. Zikaanza kutokea, moja chini ya nyingine, kila moja na jina lake. Miguu ya Kaa. Mlango wa Pili. Jicho la Njiwa. Ya Dama. Ya wengine. Zote tisa, nzima, kama zilivyolala.

"Kufuta," Gedion akaeleza, sasa hacheki, "ni kama kung'oa kibao cha jina mlangoni. Mashine ikipita haioni jina, yasema hapa hakai mtu. Lakini nyumba ipo, na watu wamo ndani wamelala. Mpaka aje mwingine ajenge pale pale."

"Na hukuniambia."

"Hamkuniuliza, mama. Mlisema futa, ikafutwa."

Bi Zubeda alianza kusema alhamdulillahi, akaikatiza katikati. Miguu ya Kaa imepatikana! Na miezi yote hii, yeye aliyeapa mbele ya wanawake tisa na mbele ya Mola wake, alikuwa amelala chumba kimoja na nakshi zao zote. Aliona haya peke yake, akavuta mtandio.

Gedion, ambaye si mtu mbaya, akampa njia. "Mpe Bi Mwanamisi yake. Mwambie ilikuwa imebaki kwenye laptopu yangu, mimi ndiye mzembe. Hizi nyingine nani atajua? Harusi ni Ijumaa, mama. Usijitafutie mambo."

Ilikuwa njia nzuri, na mimi nisingemlaumu mtu angeifuata. Bi Zubeda aliifikiria kwa dhati. Akisema kweli, neno lake Bofu limekwisha. Kesho nani atamletea amana? Akinyamaza, kila mtu atafurahi. Ila kila atakapoitwa barazani akaulizwa wewe wasemaje, Zubeda, wewe usiyebaki na kitu, atajibu kwa uso gani? Alimwomba Gedion angoje. Akaenda kuswali, akarudi, akaifunga kadi kwenye pindo la leso, akatoka.

Alimwambia Mwanamisi yote, tangu kibao cha mlangoni hadi nyumba yenye watu. Hakujitetea. Mwanamisi alisikiliza uso umegeukia ukutani.

"Uliapa," akasema mwishowe.

"Niliapa, dada."

"Mbele yangu. Na mimi nikawaambia Zubeda akiapa, ameapa."

"Ndivyo."

"Na yangu imo?"

"Imo. Nzima."

Hapo Mwanamisi alilia, kwa sauti, kilio ambacho hakulia hata alipofiwa na mume, na Bi Zubeda hakujua analilia lipi, na nadhani Mwanamisi mwenyewe hakujua. Alipomaliza alifuta uso kwa leso, akapenga kamasi, akasema, "Waite wote. Na uje na chetezo."

Wakaja, chumbani kwa kompyuta. Bi Zubeda aliiweka kadi kwenye sinia, chetezo chenye makaa kando yake, akasema mara ya pili yale aliyomwambia Mwanamisi. Hakuna aliyemkatiza, jambo ambalo kwa wanawake wale halijawahi kutokea. Kisha akasema, "Mwanamisi atolewe yake kwanza. Zilizobaki ni zenu. Mkisema nichome, nachoma sasa hivi."

Dama alisimama. Alikuwa na hasira, na alikuwa na haki nayo.

"Yangu sitaki ibaki. Nilisema siku ile, nikaonekana mshari."

"Hukuwa mshari," Bi Zubeda akajibu. "Ulikuwa na haki."

Wengine wakatazamana. Mmoja akakiri polepole kwamba hirizi yake aliifua juzi kwa sabuni na hajui hali ya kilichomo. Mwingine alikuwa ameiona kadi yake mara ya mwisho mwezi wa Ramadhani. Ikawa kila mmoja ana lake, na vicheko vya aibu vikaanza. Gedion, aliyesimama mlangoni akiogopa kuingia, akasema kwamba ana kadi nyingine kongwe. Aweza kuhamishia humo za wanaotaka, na ile ya kwanza ichomwe ikiwa na ya Dama ndani.

"Na hiyo laptopu yako?" Dama akamgeukia. "Nayo yafuta kwa kung'oa vibao?"

Gedion akakuna kipara.

"Mwache," Mwanamisi akasema. "Gedion hajui hata kushona kifungo cha shati lake. Akiiba nakshi ataifanyia nini?"

Wakacheka, hata Dama kidogo, ingawa aliitazama ile laptopu mpaka kazi ikaisha. Nane zikahamia, ya Mwanamisi ikiwa ya kwanza. Ile kadi ya kwanza Bi Zubeda akaiweka juu ya makaa kwa koleo, mbele yao. Ikajikunja, ikatoa moshi mweusi, wakaziba pua kwa mitandio huku wakimwambia Mwanamisi huo ndio udi wake wa Maka. Dama alikaa mpaka makaa yakawa majivu, akaaga kwa heshima, akaenda zake. Alikaa karibu mwezi hajaja tena kwa Bi Zubeda, na alipokuja alikuja na samli, na mambo hayo hayakutajwa.

Lakini hiyo ni baadaye. Siku ile, Dama alipoondoka, kadi mpya ilibaki kwenye sinia katikati ya wanawake, na hapana aliyeigusa. Nani aishike? Kila mmoja alikuwa ameshaonyesha anavyojua kutunza. Bi Zubeda alikuwa ameinamisha kichwa, anangoja waichukue waondoke nayo, apumzike.

Mwanamisi akanyoosha mkono, akalipapasa sinia mpaka akaipata. Aliigeuza vidoleni mara mbili, akainusa kwanza, maana kosa la udi lilikuwa limemtia adabu. Kisha akalivuta pindo la leso ya Bi Zubeda, akaitia kadi, akafunga fundo, lile fundo la mwanamke anayefunga pesa zake mwenyewe, akalikaza kwa meno.

"Kufuta kumetushinda," akasema. "Kaa nazo wewe. Wewe ukituficha kitu utakuja mwenyewe kutwambia. Na siku ya Kiama wataulizwa wenye macho kama wewe, si mimi."

Bi Zubeda alifungua kinywa kusema lile neno lake, na likakataa kutoka. Alilishika lile fundo kwa mikono miwili, machozi yanamtoka mbele ya watu. Tangu Ghalib ashuke na blanketi lake, ndiyo kwanza amebaki na kitu.